Kupura na Kufyeka

Miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa na mitumba ikajaa soko la Majengo na kila mtu akawa na kitu kipya cha kuringia, shule yetu ya sekondari ilipata mchezo mpya. Mwalimu wa hesabu, kijana kutoka Marekani, alichongesha rungu la mninga kwa fundi, akatufundisha besiboli: mmoja anarusha mpira, mwingine anaupiga na kukimbia kabla haujarudishwa. Wasichana tuliambiwa tuokote mipira. Niliwaka! Nikamfuata mwalimu, nikamwambia nataka kupiga. Akanipa mwezi mmoja: nikiupiga mbali, naingia timu.

Kumbe kuwaka ni jambo moja, kupiga ni jingine. Nimekulia Mjimwema nikipura maharage na mama, fimbo juu, fimbo chini, kwa nguvu zote. Rungu nalo nikalishusha vivyo hivyo. Nikapiga vumbi, nikapiga na mguu wangu mwenyewe. Wavulana wakagaragara kwa kicheko. "Dada, maharage yamekauka?"

Dawa niliipata kwenye adhabu. Waliochelewa walipewa eneo la kufyeka majani, na siku nilipochelewa, fyekeo mkononi, nikasikia kiuno kikizunguka na mikono ikifuata. Hivyo hasa ndivyo rungu lilivyotaka! Tangu hapo nikawa naomba adhabu za watu. Wachelewaji walinipenda kuliko dada zao. Nilifyeka asubuhi na jioni, malengelenge yakapasuka, yakawa sugu. Rafiki yangu akauliza, "Hayo majani yamekukosea nini?" Kisha nashika rungu, nakosa tena. Nililia kwa hasira, nikarudi kufyeka. Mvumilivu hula mbivu, wanasema, hawasemi lini.

Siku ya kujaribiwa, mpira wa kwanza ulinipita. Wa pili pia. Wa tatu ulipokuja, kiuno kikazunguka chenyewe. Paa! Mpira ukapita juu ya vichwa vya wavulana, ukaangukia kwenye mahindi ya shule. Mungu wangu, nilivyofurahi! Niliruka, nikapiga vigelegele.

Shule nzima ilikuwa inapiga kelele: "Kimbia! Kimbia wewe!"

Mpira ulipotolewa kwenye mahindi na kurudishwa, nilikuwa bado naruka palepale. Kwa sheria, nimetolewa. Nikamtazama mwalimu, furaha yote imenikauka. Alikuwa amejishika mbavu kwa kicheko.

"Jumatatu njoo na raba," akasema. "Unaanza mazoezi ya kukimbia na timu."