Ukuta Uliofichwa kwa Lipu

Siku ya tatu baada ya mafundi kumaliza kupaka rangi, Severina Chilumba aliingia wodi ya wazazi ya zahanati ya Nanyuvila, akavua kandambili mlangoni, akaenda moja kwa moja hadi ukuta wa nyuma, ule unaopakana na kitanda cha kujifungulia, akaugonga kwa kifundo cha kidole. Akasogea hatua moja, akagonga tena. Akainama, akagonga chini ya dirisha. Kisha akasimama akiutazama kwa jicho lile analomtazamia mtu aliyemdanganya mchana kweupe.

"Bibi, rangi haijakauka sawasawa," alisema Sharifu, fundi mkuu aliyeletwa na halmashauri kutoka mjini, aliyekuwa akikusanya brashi zake. "Utaniachia alama za vidole."

"Shikamoo yako iko wapi?"

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Ukuta huu umekufa."

Sharifu akacheka. "Ukuta unakufaje, bibi? Ulikuwa na presha?"

"Umepasuka ndani, na wewe umeufunika ufa kwa lipu. Nimeusikia."

"Ameusikia." Fundi akamgeukia Zuhra, muuguzi wa zahanati, aliyekuwa akitandika shuka mpya. "Nesi, kumbe mnaye daktari wa kuta hapa hapa. Mbona hamkuniambia mapema, nisingejisumbua kuja na pima maji?"

Zuhra akatabasamu akiangalia sakafu. Severina hakutabasamu. Alivaa kandambili zake, akatoka.

Sasa, Severina si mtu wa kuchekwa katika jambo la udongo uliochomwa. Alimaliza darasa la saba kule Lulindi, akarudi nyumbani kwa mama yake, na kazi aliyoikuta nyumbani ndiyo aliyoifanya miaka zaidi ya hamsini: kufinyanga. Vyungu vya kupikia, mitungi ya maji, vibia vya kufunikia. Alivibeba kichwani, akapanda navyo mlima hadi soko la Newala enzi ambazo ndoo ya plastiki ilikuwa kitu cha mwalimu na padri tu. Na kila chungu, kabla hakijatoka nyumbani kwake, alikigonga kwa kidole na kutega sikio. Chungu kizima huita. Chenye ufa, hata kama ufa wenyewe jicho haliuoni, hukoroma. Kilichokoroma alikivunja palepale, akavitumia vigae vyake kukaangia korosho. Wanawake wa Newala walikuwa wakiuliza jambo moja tu: "Hiki ni cha Mama Optatus?" Wakiambiwa ndiyo, hawakukigeuza kutazama matako yake. Hilo ndilo jina alilojijengea, na alikuwa akiijua thamani yake.

Ukuta wenyewe pia aliujua. Mwaka sabini na saba, wakiwa bado wageni katika kijiji kile walichohamishiwa, waliambiwa kama wanataka zahanati wafyatue matofali. Wakafyatua. Severina alikanyaga udongo akiwa na Optatus mgongoni, mtoto wa miezi minne, na maji ya kukandia waliyachota bondeni, mwendo wa saa nzima kwenda na saa na nusu kurudi, maana huku juu ardhi haitoi maji yake kwa mtu. Tanuri likachomwa siku tano. Yeye na mama yake ndio walioitwa kusema limeiva au bado.

Halafu ukaja moto wa Septemba iliyopita. Mtu mmoja, jina lake liachwe, alichoma majani chini ya mikorosho yake saa saba mchana, peke yake, upepo unavuma, bila kufagia njia ya moto na bila kuwaambia majirani, mambo ambayo hata mtoto hapa anajua hayafanywi. Moto ukaruka. Ukashika banda la nyasi ambamo ndugu za wajawazito hupikia, ukapanda kwenye mbao za paa la wodi, ukaingia kwenye magodoro. Gari la zimamoto liko mjini. Kwa hiyo wakaja wanawake na ndoo za maji waliyoyaweka akiba majumbani.

Severina ndiye aliyekuwa mbele kabisa ya mstari, nyuma ya jengo, anapokea ndoo na kurusha. Paa lilikuwa juu mno, maji hayakufika. Yakapiga ukuta uliokuwa umeiva kwa joto kama siku ile ulipotoka tanurini. Ndoo baada ya ndoo. Na katikati ya makelele yote yale aliusikia ukuta ukilia, mlio mfupi wa kukatika, na mikono yake ikaendelea kurusha. Kwamba chombo kilichotoka motoni hakimwagiwi maji ya baridi, hilo mtoto wa mfinyanzi hulijua kabla hajajua kuhesabu. Moto ulipozimwa, watu walimsifu wiki nzima. Hakumwambia mtu alichokisikia. Alijua wataalamu watakuja, watauona ufa, watautengeneza.

Miezi minane hawakuja. Wanawake wa Nanyuvila walijifungulia katika stoo ya shule, kati ya majembe na madawati mabovu, Zuhra akiwashikia tochi ya simu hata asubuhi, maana stoo haina dirisha. Kisha likasikika neno kwamba mgeni rasmi atapita kukagua miradi, na mara jambo likaitwa matengenezo ya dharura. Dharura iliyolala miezi minane ikaamka siku ishirini na moja kabla ya mgeni. Mabati mapya, vigae vya sakafu, rangi ya maziwa juu na ya bluu chini. Ukuta wa nyuma wakaupiga lipu ndani. Nje, ambako mgeni hatafika, wakauziba ufa kwa saruji nyepesi na kupitisha chokaa.

Kutoka zahanati, Severina alikwenda ofisi ya kijiji. Mtendaji, Ambrosi, alikuwa akiandika ratiba ya sherehe.

"Shikamoo, bibi. Karibu. Ngoma yenu ya kina mama nimeiweka namba tatu."

"Marahaba. Ngoma sipigi. Ule ukuta utamwangukia mtu."

Akamweleza. Ambrosi alisikiliza akiwa ameshika kalamu juu ya karatasi, namna ya mtu anayengoja mvua ipite.

"Bibi, injinia wa halmashauri anakuja Jumatano kupokea kazi. Yeye amesomea."

"Atapokea nini? Ataona rangi."

"Basi unataka nifanye nini? Nimpigie simu nimwambie bibi mmoja ameugonga ukuta kwa kidole?" Akashusha sauti. "Tumelia miezi minane. Wakisikia neno moja tu kutoka hapa watachukua vitu vyao waende kijiji kingine. Na wewe mwenyewe mjukuu wako tumbo hilo lipo mlangoni. Unataka azalie na majembe?"

Hapo alimpata. Oliva, binti wa Optatus, alikuwa ameingia mwezi wa tisa, mimba ya kwanza, na miguu imemvimba. Severina alirudi nyumbani akamkuta anamenya ming'oko, vile viazi vya porini, na habari zilikuwa zimeshamtangulia.

"Bibi, ni kweli unataka wodi isifunguliwe?"

"Nataka ijengwe."

"Itajengwa lini? Nikishakuwa bibi na mimi?" Oliva hakuinua macho. "Nesi ameniwekea kitanda. Shuka nimeziona. Mimi stoo ya shule siendi, Pendo alijifungulia kule panya akapita juu ya kanga zake."

"Kitanda hicho kiko chini ya ukuta mbovu."

"Unasema wewe. Fundi anasema ni mzima."

"Fundi yupi? Yule aliyekuja na gari na ataondoka na gari?" Hasira zikampanda Severina, na hazikuwa za mjukuu wake. "Sisi tukilala chini ya ukuta uliopasuka ni sawa, eti tumezoea. Wangeweka kitanda cha mtoto wao pale? Muulize."

Oliva akatia mng'oko sufuriani. Usiku ule hawakusemezana, na kesho yake Jumanne vilevile.

Jumatano injinia alifika saa nne. Lukmani, kijana mpole wa miwani, ameshika jalada. Ambrosi akamzungusha: mabati, vigae, rangi. Sharifu akifuata nyuma akieleza. Walipofika wodi ya wazazi, kalamu ikiwa tayari imefunguliwa, wakamkuta Severina nje chini ya dirisha la nyuma, na ndoo mbili za maji alizozileta mwenyewe kichwani, safari mbili, umri wa miaka sabini na moja.

"Mwanangu injinia," aliita kupitia dirishani, "kabla hujaweka sahihi, nipe dakika kumi. Simama hapo kitandani, utazame ukuta tu."

"Bibi, tafadhali," alisema Ambrosi. "Tulishazungumza."

"Wewe ulizungumza. Mimi nilisikiliza."

Lukmani akaamkia. "Shikamoo, bibi. Unataka kufanya nini?"

"Marahaba, baba. Chungu nikikitilia shaka hukijaza maji nikakaa. Kama kina ufa, kitatokwa na jasho palepale. Sina njia ya kuujaza ukuta, ila nitaunywesha."

"Ataharibu rangi," alisema Sharifu upesi.

"Kama ukuta ni mzima, rangi itaharibikaje upande wa ndani?" aliuliza Zuhra. Ndilo neno la kwanza alilosema juu ya ukuta ule tangu mafundi waje, na Sharifu alimkata jicho.

Severina alikwisha kwangua chokaa na saruji ile nyepesi kwa kigae, mahali alipousikia ufa unaanza, usawa wa kifua chake. Akachovya kata, akamimina. Polepole, kata baada ya kata, maji yakinywewa na ukuta, hayashuki chini. Ndoo ya kwanza ikaisha. Ndani hakuna kitu. Ambrosi akatazama saa. Sharifu akaanza kupiga mluzi.

Ndoo ya pili ilipofika nusu, mluzi ulikoma.

Ulikuwa mstari mwembamba, mweusi, ulioanza chini ya kona ya dirisha ukateremka kwa kupinda, ukafika nyuma ya mto wa kitanda kipya, ukagawanyika mara mbili, mkono mmoja ukaenda hadi sakafuni. Rangi ya maziwa ikavimba juu yake ikabanduka. Lukmani aliweka jalada kitandani, akaomba nyundo. Alipiga mara tatu na lipu ikaanguka pande zima. Akaingiza vidole kwenye ufa, vikazama hadi kwenye pete yake ya ndoa.

"Sharifu, uliuona huu?"

"Niliambiwa ratiba ni siku ishirini na moja, mheshimiwa. Kuubomoa na kuujenga ni wiki tatu peke yake."

"Sikukuuliza ratiba."

Ambrosi ndiye aliyegeukia dirishani, uso umemwiva. "Na wewe bibi, ulijuaje ufa unaanzia hapo hapo? Maana umekwangua mahali pamoja tu."

Severina angeweza kusema sikio. Ingekuwa kweli nusu. Akaifuta kata kwenye khanga.

"Nilikuwepo ulipopasuka. Mimi ndiye niliyeumwagia maji siku ya moto. Nilisikia, nikanyamaza, nikidhani watakuja watu wa kazi."

"Kumbe," alisema Sharifu, na sauti ikampata tena. "Bibi mwenyewe ndiye aliyeuvunja, halafu lawama anabebeshwa fundi."

"Nimeuvunja mimi," alisema Severina. "Nikiwa na ndoo, paa linawaka, na gari lenu la zimamoto liko mjini limeegeshwa. Wewe umeuficha ukiwa na mwiko, mchana, moto hakuna. Kila mtu abebe lake. La kwangu nimelibeba, mbona la kwako liko chini?"

Lukmani hakuweka sahihi; aliahidi ukuta utajengwa upya ndani ya wiki mbili. Wodi ikafungwa kwa kufuli siku ileile, na Alhamisi mgeni rasmi alipita barabara kuu hakukata kona. Wanawake waliokwishapika pilau la sherehe walilila wenyewe kwa kununa, na waliopita mbele ya nyumba ya Severina walimwamkia kwa mkato. Ambrosi alisema mkutanoni kuwa kuna wazee wasiokitakia kijiji maendeleo. Severina alikuwa amekaa safu ya mbele. Alinyoosha mkono, akauliza maendeleo hayo yana ukuta au hayana. Watu wengine walicheka, hata waliokuwa wamenuna.

Ijumaa alfajiri, Oliva alipanda bodaboda na begi lake kwenda kungojea Ndanda, kwa shangazi yake, karibu na hospitali kubwa. Njia yote ile ya mashimo, na tumbo la miezi tisa, miguu imevimba. Severina alimfunga mto wa nguo kiunoni kumkingia mitikisiko. Oliva alikubali kufungwa, lakini kwaheri hakusema.

Lukmani alishika neno lake kwa nusu. Alimrudisha Sharifu na mafundi wawili baada ya siku tisa, ukuta ukabomolewa; walipousukuma kwa mikono, watu wanne, ulilala chini bila ubishi. Saruji ilikuja, nondo zikachelewa, na kwa mara ya kwanza fundi alianza kumwamkia Severina kabla hajaulizwa.

Siku ya kumi na saba tangu Oliva aondoke, simu ya Zuhra iliita kutoka Ndanda. Akaiweka sikioni mwa Severina, aliyekuwa pale akiwasimamia mafundi.

"Nimejifungua," alisema Oliva. "Wa kike. Walinipasua."

Severina akatafuta pa kukaa. "Mzima? Na wewe mzima?"

"Wazima. Daktari amesema hata hapo Nanyuvila nisingeweza, wangenileta huku usiku." Akasikika akimtuliza mtoto. "Lakini hukujua hivyo uliponipandisha pikipiki."

"Sikujua."

"Bado nimekukasirikia, bibi."

"Kasirika, mama. Una haki. Mnyonyeshe mtoto."

"Ukuta umefika wapi?"

"Madirishani." Severina alikuwa ameshainuka, anamtazama Sharifu aliyekuwa akipanga tofali juu ya dirisha. "Subiri kidogo usikate. Fundi, hizo nondo za kubebea tofali ziko wapi? Usiweke hata tofali moja hapo. Shuka, nimesema shuka."