Siku Meno ya Baba Mkwe Yalipopotea Nyacheki

Ninyi mnaonijua kama mwalimu mstaafu mwenye heshima zake, kaeni vizuri, maana leo nimeamua kuwasimulia aibu ambayo ukweni kwangu, kule Nyacheki, bado inasimuliwa kila wakipata wageni, na heri muisikie kutoka kwangu mwenyewe kuliko kwa shemeji zangu, ambao huitia chumvi (ingawa, kusema kweli, haihitaji).

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini. Nilikuwa nimetoka chuo cha ualimu juzi juzi, suti moja, viatu vinalia kila hatua, na kichwa kimejaa somo nililolipenda kuliko yote, makuzi ya mtoto. Tulifundishwa kwamba akili ya mtoto haikui ovyo ovyo, inapanda hatua kwa hatua, na kwamba katika hatua ya kwanza mtoto huijua dunia kwa mikono na kinywa tu, anashika, anaonja, basi. La ajabu zaidi, na ndilo lililoniponza, ni kwamba mtoto wa miezi michache ukimfunikia kitu hakitafuti, kwa sababu kwake yeye kitu kisichoonekana hakipo tena. Mpaka akue kidogo ndipo huanza kufunua funua akikitafuta. Mimi niliposikia hayo niliona nimeshika siri ya binadamu.

Basi Jumapili moja tukaenda kwa kina Kerubo, mchumba wangu, kuzungumza habari za ndoa. Msemaji wetu alikuwa baba yangu mdogo, mtu wa maneno machache. Upande wao msemaji alikuwa baba yake Kerubo mwenyewe, mzee mwenye duka la nguo Kisii mjini, na huyu mzee alikuwa ametengenezewa meno ya bandia Kisumu, safu nzima ya juu, meupe kama maziwa, hata majirani walikuwa wakija kumtazama akitafuna mahindi ya kuchoma. Mama mkwe alikaa mbali, karibu na mlango wa jikoni, kwa sababu kwetu mkwe wa kiume na mama mkwe huheshimiana sana, hata kutazamana usoni ni taabu.

Chakula kilichelewa. Watu wakanyamaza, wakatazama dari. Dada yake Kerubo, Moraa, alikuwa amempakata mtoto wake wa miezi sita hivi, na mzee alikuwa akimchekesha kwa kuyagonga yale meno, ka-ka-ka, mtoto anarusha mikono kuyataka. Ningenyamaza kama wengine, leo nisingekuwa na la kusimulia. Lakini nikakohoa.

"Mzee," nikasema, "mnajua kwamba mtoto huyu, kitu akiacha kukiona, anadhani kimeisha duniani?"

"Nani kasema?"

"Wataalamu, mzee. Naweza kuwaonyesha."

Nikachukua kijiko, mtoto hakukijali. Nikachukua funguo, akapiga miayo. Mzee akacheka, "Mwalimu, huyu anachotaka ni meno yangu," na kabla sijasema lolote akayatoa, akayaweka mezani. Mtoto akapiga kelele ya furaha. Nikatoa leso yangu, nikayafunika taratibu kama mchawi wa sarakasi. Mtoto akaitazama leso, akaduwaa, halafu akageuka kumwangalia jogoo aliyekuwa mlangoni.

"Mnaona? Kwake yeye meno hayapo tena!"

Wakapiga makofi, jamani. Hata baba mdogo alitabasamu. Kerubo alikuwa amesimama pembeni na jagi la kunawia, na vile alivyonitazama nikajiona profesa. Hapo hapo kuku na ugali wa wimbi vikaingia, akina mama wakisema "ondoeni vitu, ondoeni vitu," nami kwa haraka na adabu nikasafisha meza. Tukanawa, tukaomba. Mzee akanyoosha mkono kuchukua meno. Meza tupu.

"Meno fangu fafo fafi?" akauliza.

Tukatafuta chini ya viti, nyuma ya redio, kwenye sahani ya mboga. Mbwa akafunguliwa mdomo. Mimi ndiye niliyekuwa mbele kuliko wote, nimepiga magoti na suti yangu, nachungulia chini ya kabati. Na kwa kuwa kichwa kilikuwa bado kinafundisha, nikainuka nikasema maneno ambayo mpaka leo nikiyakumbuka natamani ardhi inimeze:

"Lakini mtoto wa umri huu hutia kila kitu kinywani."

Kisha Moraa akapiga yowe, "Yaaye! Mwanangu amemeza meno!"

Mtoto akageuzwa kichwa chini miguu juu. Bibi yake akamtia kidole kooni, mtoto akalia mpaka akawa mwekundu, na kule kulia wakasema ndiyo meno yanamkaba. "Hospitali! Kisii!" Wote tukatoka mbio kupita kwenye mashamba ya chai kwenda barabarani kutafuta gari, mzee mbele, kaziba mdomo kwa kofia. Majirani waliposikia mayowe wakaja na mayowe yao, wengine wakadhani kuna msiba, mama mmoja akaanza kabisa kuomboleza na kumtaja marehemu kwa jina la mzee, naye mzee pale pale anamsikia na hawezi kumjibu.

Pikapu ya jirani ikasimama. Mama mkwe akawa analia mbele yangu kabisa, adabu zote zimesahauliwa, ananiuliza, "Mwalimu, wewe umesoma, mtoto atapona?" Jasho lilikuwa linaniingia machoni. Nikatia mkono mfukoni, nikatoa leso, nikaikung'uta nijifute.

Meno yakaanguka barabarani, katikati ya miguu ya mama mkwe.

Nawaambia, hata ng'ombe waliacha kutafuna. Mtoto peke yake ndiye aliyepata la kufanya. Aliyaona, akaacha kulia, akacheka, akanyoosha mikono yote miwili ayachukue.

"Kumbe aliyemeza ni mwalimu," akasema dereva wa pikapu, na hapo watu wakacheka mpaka wengine wakakaa chini kwenye nyasi. Baba mdogo hakucheka. Alininong'oneza tu, "Kinywa cha huyu mtoto hata kijiko hakiingii vizuri. Hayo meno yangepitia wapi?" Na kweli, katika watu wote wale hakuna aliyekuwa amejiuliza.

Mzee akayaokota, tukarudi nyumbani, akayasafisha kwa maji ya moto, akayavaa, akakaa kitini kwake. Moyo wangu ulikuwa umeshafunga mizigo kurudi kwetu Kiogoro bila mchumba. Mwishowe akamgeukia baba mdogo: "Kijana wenu si mwizi, maana mwizi angekimbia, na huyu amenitafutia meno kuliko wanangu. Tule kwanza." Ndivyo nilivyompata Kerubo. Mama mkwe, kwa miaka mingi baadaye, kila nilipoingia kwake aliinamisha kichwa kwa heshima, lakini mabega yake yalikuwa yakitikisika.

Nimefundisha maisha yangu yote, na kila nilipofika kwenye somo lile niliwaambia wanafunzi wasome wenyewe, nikatoka nje kupunga hewa. Na niliapa, na kiapo sijakivunja: nikienda kwa watu nakula, najibu ninaloulizwa, na mikono yangu naiweka magotini, watu wote waione.