Matawi Matatu ya Wafu Wetu

Mama Zaituni alisimama mbele ya wajane wote, akatazama ekra nyeupe ya kompyuta, akaniuliza: "Baba Amina, bwana yangu iko wapi humu ndani?"

Chama chetu cha waliookoka vita, hapa Kasuku, kilitaka majina ya waliouawa yatunzwe katika ordinatere, hiyo kompyuta yetu. Assani, fundi wetu, alinifungulia humo hifadhi mpya ya kumbukumbu, tupu kabisa. Akasema: "Papa, tengeneza matawi, kila eneo tawi lake: Kailo, Kama, Kasuku. Ni rahisi." Mimi niliishia darasa la nne. Nikafanya kama shambani: unapima vipande kwanza, kisha unapanda. Nikafungua matawi yote matatu bila kuweka hata jina moja, nikaita wajane kwa majivuno: "Njooni muone, kila marehemu iko na fasi yake!"

Assani alicheka mbele yao. "Papa, hifadhi tupu haishiki tawi. Lazima kwanza uweke hata ukurasa mmoja. Kila tawi ulilofungua lilifuta lile lililotangulia."

Ujinga ni wangu, nakubali. Lakini Assani alijua, na hakuniambia. Waliowaua watu wetu hawajajibu hadi leo. Yeye ajibu: aje Ijumaa kwenye mkutano wa chama, asimame mbele ya Mama Zaituni, amwambie kwa nini alinyamaza.