Shali Iliyopigwa Pasi

Miaka thelathini fundi cherehani alikuwa akipigana na mikunjo. Suruali ikitoka mikononi mwake ilisimama kama kadi. Kwa hiyo mkewe alipompa sindano ya kroshia na kumwambia atengeneze vinundu, alimkodolea macho.

"Vinundu makusudi?"

"Makusudi, bwana wee. Fundo fupi, fundo refu, fupi, refu. Ukigeuza, fupi juu ya refu, refu juu ya fupi. Kitambaa kinavimba chenyewe."

"Nikikosea?"

"Kitalala bapa. Na mama yako hatakitambua."

Hapo pakamuuma. Mama yake alikuwa haoni tena, na Jumamosi angehamia kwa binti yake, dada wa fundi, mbali, kwenye nyumba asiyojua hata mlango uko wapi. Aliomba kitu kimoja tu: shali ya kuijua kwa vidole, itoke mkononi mwa mwanawe.

Wiki mbili fundi alifuma, akafumua, akafuma tena. Mara upande uliingia ndani, mara ukapanuka kama sketi. Hakuelewa kwa nini vinundu vilijitokeza pale alipodhani amekosea, vikapotea pale alipojiamini. Hata hivyo, Ijumaa jioni shali iliisha.

Kisha mkono ukafanya ulichozoea. Aliitandaza mezani, akachukua pasi.

"Umefanya nini wewe?" mkewe aliuliza mlangoni.

"Nimeimalizia."

Uzi wa nailoni ulikuwa umelala bapa kama chapati kwa joto la pasi, hauinuki tena.

Asubuhi dada yake aliegesha gari nje, injini ikinguruma. Mama akapapasa shali, akasita.

"Shuka ya nani hii?"

"Ni shali yako, mama. Niliipiga pasi."

Mabega ya mama yakatikisika. Fundi hakujua anacheka au analia.

"Mtoto wewe! Ungepata nafasi, hata uso wangu ungeupiga pasi."

Fundi akachukua uzi uliobaki, akaketi miguuni pake, akaanza kufuma ukingoni. Fupi, refu. Honi ikalia. Akageuza, akasahau lipi lilikuwa fupi, akabahatisha. Honi tena.

Kidole gumba cha mama kikatembea juu ya ile mistari miwili mipya, kikasimama.

"Na hiki kinundu?"

"Sijui kama ndicho, mama. Nimechanganyikiwa."

"Lakini ni mkono wako?"

"Wangu."

Mama akajitanda shali, ukingo ule ukiwa shavuni, akanyoosha mkono ainuliwe.