Maziwa Yasiyoonjeshwa Moto

Nilipokuwa mtoto pale mtaa wa Gerezani, jirani na Kariakoo, maziwa tuliyokunywa nyumbani yalikuwa na mwiko wake: hayabandikwi jikoni. Yalitoka kwa Bi Nyamizi, mjane wa kutoka bara, aliyekuwa na ng'ombe mmoja tu kwenye banda la mabati nyuma ya nyumba tuliyopanga. Kwao walimfunza kwamba ukichemsha maziwa, moto unamfuata ng'ombe huko huko aliko, kiwele kinaungua kwa ndani, chuchu zinakauka. Wapangaji walimcheka kisogoni, lakini maziwa waliyanywa vile vile, mabichi.

Mama alifariki akimzaa mdogo wangu Sudi. Baba alikuwa fundi karakana ya reli, anatoka alfajiri. Mimi nilikuwa na miaka tisa, Sudi mgongoni kutwa nzima. Wenzangu wakipita kwenda kucheza Mnazi Mmoja walinikebehi, "Mama Sudi huyo, mwacheni akanyonyeshe." Shule sikuiona. Aliyeongea na mimi kama mtu alikuwa Bi Nyamizi peke yake. Alinisuka nywele, akaniachia nimkune ng'ombe shingoni, akanihadithia mvua za kwao.

Halafu Sudi akaanza kuharisha, akakonda hadi shingo ikawa haisimami. Nikambeba mpaka kliniki. Nesi alimtazama, akanitazama na mimi.

"Unampa maziwa mabichi? Unataka kumzika? Chemsha mpaka yafure, kila siku."

Nilirudi nalia njia nzima. Nikichemsha, namkausha ng'ombe wa Bi Nyamizi, na sikuwa na mtu mwingine ila Bi Nyamizi. Nisipochemsha, ndugu yangu anamfuata mama.

Nikachemsha. Nilingoja Bi Nyamizi ampeleke ng'ombe kula majani kando ya reli, nikafunga mlango wa jiko, nikawasha mkaa. Baada ya siku chache Sudi akaacha kuharisha. Na siku zile zile ng'ombe akaanza kupunguza maziwa. Kikombe kikawa nusu.

Sikuweza kumtazama tena yule bibi. Akiniita anisuke, nasema mtoto analia. Nikawa nakaa chumbani na Sudi, mlango nimeurudishia, namsikia akimsemesha ng'ombe wake kwa lugha ya kwao, taratibu, kama anayembembeleza mgonjwa.

Alasiri moja akaja mwenyewe, akakaa kizingitini. Maziwa yakiungua hayana siri, harufu ilishanasa hadi kwenye kanga yangu.

"Unayachemsha," akasema.

Nikakubali. Nikamweleza maneno ya nesi. Akampakata Sudi, akamminyaminya paja lililoanza kujaa.

"Basi endelea kuchemsha, mjukuu wangu. Ng'ombe nitamwomba radhi mimi."

Kila asubuhi aliniletea alichopata, mpaka kikawa cha kulowesha kitako cha kikombe tu. Ng'ombe alipokauka kabisa, mchinjaji akaja kumchukua. Bi Nyamizi hakuwa na kingine cha kumweka mjini, akapanda treni kurudi kwao. Sikumwona tena.

Ukubwani niliwauliza wafugaji wa Ilala. Wakaniambia yule alikuwa ng'ombe mzee, amekaa sana bila kuzaa, anakula majani makavu. Moto wa jikoni kwangu haukumgusa. Siku hizi Kariakoo maziwa ni ya pakiti, yameshapita motoni huko kiwandani, na wale wanaonunua mabichi ya kwenye ndoo nawaambia wachemshe, wala sioni haya kuingilia yasiyonihusu. Hayo mimi nimeyajua. Yeye hakuyajua. Kila alipokuja na kile kikombe aliamini anamuua ng'ombe wake kwa mkono wake mwenyewe, na bado alikuja.

Sudi ana mvi sasa, anaishi mbali, yeye na wanawe, tunasalimiana kwa simu. Juzi nilimwuliza kama amewahi kusikia habari za Bi Nyamizi.

"Ndiye nani huyo, dada?"

Nikamwambia jirani tu, wa zamani. Nyumba ile imevunjwa, wapangaji wale wote wametangulia. Aliyebaki kulijua jina lake mjini hapa ni mimi. Mchana, nikiwa peke yangu ndani, nalitamka kwa sauti.