Nyundo ya Dada Ardith

Tulimzika dada yangu Ardith Kroeger Jumanne iliyopita, na wakati wa chakula cha msiba, kwenye ukumbi wa chini ya kanisa, watu walicheka zaidi kuliko walivyolia. Mchungaji aliniuliza kama naona vibaya. Nikamwambia hapana. Bwana ndiye aliyemuumba hivyo, na sasa ni zamu ya Bwana kuhangaika naye.

Kisa walichokitaka wote ni kile cha bima. Nakiandika kwa ajili ya wajukuu zake, maana wao wamekisikia nusunusu.

Ardith alikuwa mpishi wa shule katika mji wetu mdogo hapa Nebraska mpaka magoti yakamkatalia. Mumewe alipofariki alimwachia nyumba ya mbao, na zaidi ya hiyo hakuwa na mali. Kwetu, kuanzia Mei, huanguka mawe ya barafu makubwa kama mayai ya bata, na nyumba isiyo na bima hukosesha mtu usingizi. Basi mwaka ule kampuni yake ya zamani ikaandika kwamba inaondoka wilayani. Bima ingeisha mwisho wa Aprili.

"Natafuta wakala," akaniambia. "Lakini safari hii nachagua kama ninavyochagua tikiti maji. Nagonga kwanza."

"Utamgonga nani, dada?"

"Paa. Leta ngazi."

Akapanda na nyundo ya marehemu mumewe, ile yenye kichwa cha mviringo, akaanza kuvipiga vigae vya juu ya jiko, alama zifanane na za mawe ya barafu.

"Shuka, utavunjika kiuno!"

"Shika ngazi, Delmar, na uombe kimoyomoyo." Akaendelea kugonga. "Mwaka huu halijaanguka jiwe hata moja. Wakala atakayeniambia tudai paa jipya ni mwizi. Leo ataiibia kampuni kwa ajili yangu, kesho ataniibia mimi kwa ajili ya kampuni."

"Huko ni kumtega mtu. Na amri ya nane je?"

"Amri inanikataza kushuhudia uongo. Mimi nimesema neno gani? Nimegonga tu."

Wa kwanza kuja alikuwa kijana aliyevaa tai, mwajiriwa wa kampuni moja. Hakuinua hata shingo. "Paa zuri sana, mama!"

"Na kampuni yako isiponifaa?"

"Itakufaa tu, mama."

"Hujaniuliza hata nyumba ina nini!" Akampa kahawa, kisha akamwonyesha mlango.

Wa pili alikuwa wakala huru, anauza bima za kampuni kadhaa. Huyu aliinua shingo, macho yakang'aa. "Mama Kroeger, haya ni mawe ya barafu! Tuwadai paa zima kabla bima ya zamani haijaisha, halafu nikuhamishe. Nani atajua?"

"Wewe, mimi, Delmar na Mungu," dada akajibu. "Tumeshakuwa wengi."

Kahawa yake hakuimaliza.

Wa tatu alikuwa Marlys Vopat, wakala huru pia, mwenye ofisi karibu na ghala la nafaka. Ardith alikuwa ameshapiga simu Lincoln, mji mkuu wetu, kwenye ofisi ya bima ya jimbo, kuhakikisha leseni yake iko hai. Marlys alikuja na ngazi yake mwenyewe. Alipanda, akapiga picha, akaangalia mifereji ya maji, akashuka akakagua hata sanduku la barua.

"Mama Kroeger, mawe haya yana ubaguzi. Mifereji haina alama, sanduku halina alama. Yameangukia pale tu mkono unapofika kutoka kwenye ngazi." Akanitazama mimi. "Mvua hii ilikuwa na mpini."

Nikaviangalia viatu vyangu. Ardith akapiga makofi. "Umefaulu, binti! Kaa ule keki."

"Sikai bado. Kampuni zote ninazofanya nazo kazi huuliza hali ya paa, nami siwezi kuwaambia hili ni zima. Likiwa hivi, hakuna atakayekuchukua."

"Lakini ulikuwa mtihani!"

"Nami nimefaulu. Aliyefeli ni wewe."

Dada yangu aliinua macho akaviangalia vigae vyake. Alikaa kwenye ngazi za baraza, akawa mdogo ghafla. "Sasa nifanye nini?"

"Toa vigae ulivyoviua, weka vipya, kwa fedha yako mwenyewe. Nitarudi kukagua."

Kesho yake yule wakala wa pili akapiga simu. Anaweza kuitumia kampuni picha ya zamani, akasema, paa likaonekana zima, na bima ikatoka siku hiyohiyo. Ardith aliitazama kalenda ukutani. Wiki ile ndiyo ilikuwa ya mwisho ya Aprili.

"Kijana," akasema, "nilikugonga ukalia kama tikiti bovu." Akakata.

Fedha aliyoiweka kwa safari ya kumwona mjukuu ikanunua vigae. Wanaume wa kanisani walikuja kusaidia, ingawa nadhani wengi walikuja kumcheka. Siku ya mwisho ya Aprili, alasiri, Marlys akapanda tena, akashuka akasema, "Zima." Ndipo akakaa, akala keki, akaweka mezani bei za kampuni tatu.

"Hii ni rahisi, lakini paa likiharibika italipa thamani ya paa kuukuu. Hii ya kati italipa jipya. Ile ghali haina la ziada unalolihitaji."

Ardith akatia sahihi kwenye ile ya kati. Marlys akanyoosha mkono. "Na nyundo nipe mimi."

Akakaa nayo miaka yote iliyofuata. Jumanne alikuja nayo kanisani, ameifunga utepe mweupe, akanikabidhi. "Nadhani sasa ni salama kuirudisha."

Nilimwomba mchungaji tuiweke kwenye jeneza. Akakataa. Alisema kule mbinguni malango ni ya lulu, na yule mama lazima angetaka kuyagonga kwanza.

Basi nimebaki nayo. Wa kumshikia ngazi sina.