Ulezi wa Kilimani

Mwaka ule kigango chetu, upande wa Ihanda, kiliomba kuwa parokia. Barua ya maombi ilitakiwa iambatane na historia ya kigango, na kazi ya kuiandika nikapewa mimi, katibu wa halmashauri. Mwenyekiti alikuwa baba mkwe wangu.

“Andika kwamba marehemu baba yangu ndiye aliyetoa kilima cha kanisa,” aliniambia. “Mengine ongeza mwenyewe.”

Hayo mengine nikaenda kumuuliza mzee aliyekuwa katekista wetu wa kwanza. Alitoka Rwanda akiwa kijana, akawa kibarua kwenye kahawa za watu, na sasa aliishi bondeni, karibu na kinamasi. Nilimkuta akimenya ndizi.

“Shikamoo, babu.”

“Marahaba, mwanangu. Kilima kilitolewa, ni kweli,” alisema bila kuinua macho. “Ila nilikuwa nakaa pale mimi. Watoto wote wa hapa nilikuwa nawafundishia sala uani kwangu. Walipotaka kujenga kanisa nikaambiwa nihame. Ulezi wangu ulikuwa haujaiva.”

Sikuweza kutulia tangu siku hiyo. Nilipalilia shamba nililokwisha kulipalilia. Nilichagua maharage nikaacha mawe. Mume wangu aliniuliza kama ninaumwa, nikamjibu siumwi, kisha nikatoka kwenda kuteka maji wakati mitungi ilikuwa imejaa. Hatimaye nikakaa nikaandika yote mawili: kilima kilitolewa, na aliyekuwa anakaa pale alinyang’anywa.

Baba mkwe alisoma daftari akiwa amesimama mlangoni.

“Nani amekwambia habari za ulezi?”

“Mwenyewe, baba.”

“Yule mtu wa kuja?”

“Ndiye aliyekufundisha sala, baba.”

Sikuwahi kumjibu hivyo tangu niolewe. Alinirudishia daftari. “Futa,” akasema, akaondoka.

Sikufuta. Jumapili baada ya ibada halmashauri ilikaa, nami nikasoma kwa sauti, nikiruka mistari na kuirudia. Nilipomaliza nilifunga daftari. Kisha mama mmoja mzee, mjumbe wa upande wa Nyakasimbi, akajifunga kanga vizuri na kusimama.

“Mimi niliuona huo ulezi,” alisema. “Tulitumwa kuung’oa, wasichana wote. Ulikuwa bado kijani.”

Walibishana mpaka jua likageuka. Mwishowe wakanyoosha mikono: ulezi ubaki, jina la katekista liandikwe, lakini mahali pa “alinyang’anywa” niweke “alihama”. Baba mkwe hakunyoosha mkono upande wowote. Nikaandika neno lile kwa mkono wangu mwenyewe, naye akatia sahihi.

Kesho yake asubuhi nilishuka bondeni kumweleza mzee.

“Wamesema nilihama?” akacheka kidogo. “Haya. Na watoto niliowafundisha, umewaandika?”

Sikuwa nimewaandika. Alinitajia mmoja mmoja, na wa tatu alikuwa baba mkwe.

Parokia tulipewa. Ukatibu niliuacha mwaka uliofuata, nikasema nina mtoto mchanga, na ni kweli nilikuwa naye. Baba mkwe alikaa msimu mzima wa kahawa bila kuzungumza nami, halafu siku moja akaniomba maji ya kunywa, nikampa. Kuhusu lile neno “alihama” hatukuwahi kuongea. Mimi bado nalifikiria, hasa ninapopita kanisani na kuona watu wamekaa kwa utulivu pale ulipokuwa ulezi.